Jinsi Vijichembe Viingiavyo Katika Seli Hai, na Jinsi Vitokavyo

Mwaka 2021, chanjo za korona zilipofika katika nchi zetu, swali moja liliulizwa majumbani, ndani ya mabasi, na hata nje ya misikiti na makanisa: je, vile vitu vidogo visivyoonekana vikiisha kuingia mwilini, hutoka tena? Wako waliojibu kwa hofu, na wako waliojibu kwa dharau. Waliojibu kwa maarifa walikuwa wachache. Swali lenyewe lilikuwa jema. Kila siku twavuta moshi wa jikoni na wa magari, twavuta vumbi, twachomwa sindano na kumeza dawa. Ili kulijibu, sharti kwanza tujue mlango wa seli ulivyo, maana hapo ndipo mambo mengi huamuliwa.

Neno nano limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kibete. Nanometa moja ni milimeta moja iliyogawanywa mara milioni, na vijichembe vya nano ni vile vyenye upana wa nanometa 1 mpaka 100 hivi. Hesabu kama hizi hazikai akilini mpaka zikuzwe. Basi tuchukue kila nanometa na kuifanya milimeta moja. Mwanafunzi mwenye urefu wa mita 1.6 atakuwa na urefu wa kilometa 1,600. Akilala chali na kichwa chake kikiwa Dar es Salaam, miguu yake itapita Bukoba kwa mbali. Unywele wake utakuwa na unene wa mita 80 hivi. Seli nyekundu ya damu yake itakuwa na upana wa mita 7 na nusu, kama darasa. Kijichembe cha nanometa 50 kitakuwa na upana wa sentimeta 5, yaani ndimu. Na ule utando uizungukao seli, unaoilinda na ulimwengu wote, utakuwa na unene wa milimeta 5 tu.

Utando huo ni mafuta. Mwaka 1925 Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, walitoa mafuta katika seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona kwamba yafunika eneo mara mbili ya lile la seli zenyewe. Wakakata shauri kuwa utando una tabaka mbili. Baadaye ilionekana kwamba walikosea katika vipimo viwili, na makosa hayo yakafutana; jibu lao lilikuwa sahihi hata hivyo. (Walimu wa hesabu hawatapendezwa na habari hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kipendacho maji na mikia iyachukiayo, kwa hiyo hujipanga vichwa nje na mikia ndani, tabaka juu ya tabaka. Hewa ya oksijeni hupenya katikati yake bila taabu. Maji na chumvi hupita katika vijitundu vya protini vilivyochomekwa humo, navyo ni vyembamba sana, kiasi cha nanometa moja au pungufu. Ndimu haipiti katika tundu la ufunguo. Basi vijichembe vyetu vitaingiaje?

Jibu ni kwamba aghalabu havipenyi; humezwa. Utando wenyewe hubonyea mahali kijichembe kilipogusa, ukakizunguka, ukajifunga nyuma yake, kisha kifuko kidogo kikakatika na kubaki ndani ya seli. Kwa hiyo kijichembe huwa kimeingia nyumbani, lakini bado kimo ndani ya mfuko uliotengenezwa kwa ukuta wa nyumba hiyo hiyo. Jambo hili msomaji alishike vizuri, kwani mbele tutaona kwamba mambo mengi hutegemea kama mfuko huo utapasuka au hautapasuka.

Ziko seli zimezazo vitu vikubwa, kama bakteria wazima. Mwaka 1882, katika mji wa Messina, Sicily, mtaalamu wa Urusi Elie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba watoto wadogo wa kiti cha pwani, ambao miili yao huonekana mpaka ndani kama kioo. Asubuhi yake akaona seli zimeuzunguka mwiba zikijaribu kuula. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Seli za namna hiyo tunazo nasi katika damu, mapafu, ini na wengu, nasi hapa tutaziita seli walaji.

Lakini kwa vijichembe vya nano mwalimu wetu mkubwa alikuwa ni mbu. Mwaka 1964 Thomas Roth na Keith Porter, wa Marekani, walitazama kwa hadubini ya elektroni mayai yanayokua ndani ya mbu aitwaye Aedes aegypti, yule aenezaye homa ya manjano na dengi. Mbu jike akiisha kunywa damu, hana budi kuyashibisha mayai yake protini kwa haraka. Waliona kwamba ndani ya saa saba baada ya mlo huo vishimo vidogo juu ya yai huongezeka mara 15, hata vikafikia kiasi cha 300,000 katika yai moja. Kila kishimo kilikuwa na upana wa nanometa 140, na chini yake, upande wa ndani, kulikuwa na kitu kama manyoya mafupi. Vishimo hivyo vilikuwa vikijikata na kuwa vifuko vilivyojaa protini.

Manyoya yale yalikuwa ni nini? Katika miaka ya 1970 Barbara Pearse wa Cambridge aliitenga protini yake akaiita klathrini. Kila kipande chake kina miguu mitatu, na vipande vingi vikishikana miguu hufanya kitu mfano wa tenga la mviringo. Tenga hilo hujisuka chini ya utando na kuuvuta uwe mviringo pia. Kisha protini nyingine, dainamini, hujizungusha penye shingo ya kifuko na kuibana, kama mtu abanavyo mdomo wa mfuko kwa kamba, mpaka kifuko kikakatika. Kazi hii yagharimu nguvu. Ndiyo maana seli zikiwekwa penye baridi ya digrii 4 za Selsiasi huacha kumeza, ingawa vijichembe huendelea kunata juu yake. Na wataalamu hutumia baridi hiyo kujua kama kijichembe kimemezwa au kimejipenyeza chenyewe.

Pengine mtu atauliza, je, seli humeza kila kiigusacho? La. Juu ya utando kuna protini ambazo kazi yake ni kutambua na kushika, nazo huitwa vipokezi. Umuhimu wake ulijulikana kwa njia ya huzuni. Katika damu yetu kolesteroli husafirishwa ndani ya vijichembe vya asili vyenye upana wa nanometa 22 hivi, na kila kimoja hubeba molekuli 1,500 hivi za kolesteroli iliyofungamana na mafuta. Wako watoto waliorithi ugonjwa fulani kwa baba na kwa mama pia, ambao damu yao hujaa vijichembe hivi kupita kiasi, na wengine wao hupatwa na shtuko la moyo kabla hawajafika miaka 20. Michael Brown na Joseph Goldstein, madaktari wa Dallas, walizichunguza seli za ngozi za wagonjwa hao. Waliona kwamba seli za mtu mzima wa afya hushika vijichembe vile na kuvimeza, lakini za wagonjwa wengi hazina kipokezi cha kuvishikia. Basi kolesteroli ikabaki kuzunguka katika damu na kuziba mishipa. Tena walimpata mgonjwa mmoja ambaye seli zake zilikuwa na vipokezi na zilishika vizuri kabisa, lakini vipokezi vyake havikukusanyika katika vile vishimo vyenye tenga. Vijichembe vilishikwa mlangoni, visiingizwe. Nadhani hakuna uchunguzi mmoja ulioeleza vizuri kuliko huo kwamba kushika ni jambo moja na kumeza ni jambo jingine. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Ukubwa nao una neno lake. Mwaka 2006, huko Toronto, Kanada, wataalamu walizipa seli za kansa zilizokuzwa maabara vijichembe vya dhahabu vya ukubwa mbalimbali, toka nanometa 14 mpaka 100. Mtu angedhani vidogo kabisa ndivyo vingeingia kwa wingi. Haikuwa hivyo: vilivyoingia zaidi ni vya nanometa 50. Kijichembe kidogo mno hakishiki vipokezi vya kutosha kuukunja utando, basi hungoja mpaka viwe kadhaa pamoja. Na kikubwa mno hutumia vipokezi vingi mpaka vikapungua kwa wengine. Kati ya hayo ndipo kumeza huwa rahisi.

Isitoshe, kijichembe kikitiwa katika damu hakibaki uchi. Mara moja protini za damu hukivamia na kukifunika, nayo seli haioni kijichembe chenyewe bali kanzu aliyoivaa. Wakati mwingine jambo hili huharibu kazi ya dawa, na wakati mwingine huisaidia. Iko dawa ya ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018, ambayo vijichembe vyake vya mafuta huvishwa katika damu protini ile ile ibebayo mafuta ya mwili. Ini likadhani ni mzigo wake wa kawaida, likaimeza dawa kwa mlango ule ule uliochunguzwa na Brown na Goldstein.

Sasa tuingie ndani. Kile kifuko kikiisha kukatika, tenga lake hufumuka na vipande vyake kutumika tena. Kifuko huanza kuwa na asidi, kwanza kidogo, kisha zaidi, na mwisho huungana na vifuko vingine vilivyojaa vimeng'enya vya kuvunja vitu. Vifuko hivyo huitwa lisosomu, nasi twaweza kuviita matumbo ya seli. Alivyovigundua Christian de Duve, wa Louvain, Ubelgiji, ni kisa cha kupendeza. Mwaka 1949 alikuwa akichunguza maini ya panya kwa ajili ya mambo ya insulini, naye akapima kimeng'enya kimoja, akaona nguvu yake ni kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Akaviacha vyombo katika jokofu siku tano. Alipopima tena, nguvu ikawa imeongezeka sana. Mwingine angevimwaga na kuanza upya. Yeye alifikiri kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungwa ndani ya mifuko, na mifuko ikapasuka pole pole katika jokofu. Mwaka 1955 aliipa mifuko hiyo jina, na Nobel ikamfikia mwaka 1974.

Hapa ndipo habari ya chanjo huwa wazi. Baadhi ya chanjo za korona, kama ile ya Pfizer na BioNTech na ile ya Moderna, zimetengenezwa kwa vijichembe vya mafuta vya nanometa 100 hivi, na ndani yake mna RNA, yaani nakala ya maagizo ya kutengeneza protini moja ya kirusi. (Chanjo ya Janssen, iliyoanza kutolewa Tanzania mwezi wa Julai mwaka 2021, haikuwa ya namna hii.) Kijichembe humezwa kama tulivyoeleza. Kama hakuna jambo jingine lifanyikalo, kitaishia katika tumbo la seli na kumeng'enywa pamoja na maagizo yake, na chanjo haitafanya kazi. Basi watengenezaji walitumia mafuta ya namna ya pekee, ambayo hayana chaji ya umeme katika damu, lakini yakifika penye asidi hupata chaji, yakashikamana na utando wa kifuko na kuuvuruga mpaka RNA ikatoka. Kirusi cha mafua hutumia asidi hiyo hiyo kama ishara ya kufunguka, wanadamu wamekiiga.

Ujanja huu haufanikiwi sana. Kipimo kilichotangazwa mwaka 2013, juu ya vijichembe vya mafuta vilivyobeba RNA ya aina nyingine, kilionyesha kwamba ni asilimia 1 au 2 tu ya mzigo iliyofaulu kutoka katika kifuko. Kilichobaki kilimeng'enywa au kilirudishwa nje. Na RNA ya chanjo ifikapo katika ute wa seli husomwa papo hapo na mitambo itengenezayo protini. Kazi yake haihitaji kuingia katika kiini mnamokaa urithi wetu, na baada ya saa nyingi au siku chache huvunjwa kama RNA zote za mwili zivunjwavyo. Mafuta yake nayo huvunjwa na kuondolewa pole pole. Hili ndilo jibu walilostahili kupewa wale waliouliza mwaka 2021, badala ya kuchekwa.

Na kutoka je? Seli hutoa vitu kwa kugeuza kazi ile ile: kifuko cha ndani husogea mpaka kwenye utando, kikaungana nao, kikafunguka nje. Insulini hutoka hivyo katika kongosho, na hivyo ndivyo ujumbe unavyotoka mwisho wa mshipa wa fahamu. Randy Schekman, kwa kuchunguza hamira, hii hii iumuayo maandazi, alionyesha urithi uongozao safari za vifuko. James Rothman alizipata protini za kifuko na za utando zinazosukana kama nyuzi za kamba mpaka pande mbili zikagusana. Thomas Südhof alieleza jinsi kalsiamu itoavyo amri ya kufungua. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2013.

Mtu akitaka kujua thamani ya mlango huu wa kutokea, na autazame ugonjwa wa pepopunda. Sumu ya pepopunda humezwa na mwisho wa mshipa wa fahamu, ikasafirishwa ndani ya vifuko mpaka uti wa mgongo, ikaingia katika seli ambazo kazi yake ni kuituliza misuli. Humo hutumia asidi ya kifuko kutoroka, kisha huikata mojawapo ya zile protini zinazosukana. Jambo hili lilijulikana mwaka 1992, kwa kazi ya wataalamu wa Padova, Italia. Vifuko vya ujumbe wa kutuliza vimejaa tele ndani ya seli, lakini haviwezi kufunguka nje. Misuli hukakamaa isilegee, na mtoto mchanga aliyekatwa kitovu kwa wembe mchafu hushindwa kunyonya. Mama mjamzito akichanjwa, kinga yake hupita kwa mtoto na kuikamata sumu kabla haijamezwa.

Lakini si kila kilichoingia hutoka. Vijichembe vya mafuta humeng'enywa, dhahabu haimeng'enyeki. Wale wataalamu wa Toronto waliona mwaka 2007 kwamba vijichembe vidogo vya dhahabu hutoka upesi kuliko vikubwa, na vingine hubaki. Seli ikigawanyika, watoto wake hugawana mzigo, na kila mmoja huwa na sehemu tu. Seli zisizogawanyika hazina nafuu hiyo.

Masizi ni ya kundi hilo. Moshi wa kuni, wa mkaa na wa dizeli una vijichembe vya kaboni, vingi vyake vikiwa chini ya nanometa 100, navyo hufika mwisho kabisa wa mapafu. Seli walaji huvimeza, lakini hazina kimeng'enya cha kuvunja kaboni. Baadhi ya seli hizo hupanda na makohozi, tukazitema au kuzimeza. Nyingine hubaki na mzigo wao. Mwaka 2006 wataalamu wa Leicester, Uingereza, walitazama seli walaji za watoto wenye afya, wakapima weusi uliomo. Kadiri kaboni ilivyozidi ndani ya seli, ndivyo nguvu ya mapafu ya watoto ilivyopungua. Na Leicester watu hawapikii kuni. Jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mtoto mgongoni mwa mama apikaye, ni jambo zito kuliko barabara ya Leicester. Bomba la moshi, au jiko kutolewa nje, hupunguza kiingiacho, na kwa kitu kisichomeng'enyeka hiyo ndiyo njia ya hakika. Nyuzi za asbesto, zilizotumiwa zamani kuezekea, ni mbaya kwa namna nyingine: ni ndefu kuliko seli yenyewe. Seli hujaribu kuumeza uzi, ikashindwa kuufunga mdomo wake, na vimeng'enya vikamwagika nje vikiunguza mapafu mwaka hata mwaka.

Liko jambo moja ambalo tabia hii ya seli walaji, ya kumeza bila kuchoka, imetufaa sana. Kalaazar ni ugonjwa wa Baringo, Turkana, Pokoti ya Kenya na Uganda, Sudani na Uhabeshi. Huletwa na kidudu kirukacho, kidogo kuliko mbu, na vimelea vyake humezwa na seli walaji za ini, wengu na uboho. Ajabu ni kwamba havimeng'enywi, bali huzaana ndani ya tumbo lile lile la seli. Dawa ya amfoterisini yaweza kuviua, lakini ikitiwa peke yake katika damu huumiza figo. Ikifungwa ndani ya vijichembe vya mafuta vyenye upana usiofika nanometa 100, figo huumia kidogo tu, maana seli za ini na wengu huvimeza vijichembe kwa pupa, na dawa hufika pale pale vimelea vilipojificha. Katika Afrika Mashariki dawa hii yahifadhiwa hasa kwa wagonjwa walio mahututi, wanawake wajawazito, na wale wenye virusi vya UKIMWI. Wengine hutibiwa kwa dawa za bei nafuu, nyingi zikiwa za sindano za kila siku kwa siku 14 au 17.